Sura ya 7: RAM Imeingia, Lakini Inashika?

Tarehe 18 Mei 2003 Wabelgiji walipiga kura kuchagua bunge lao. Katika manispaa ya Schaerbeek, ndani ya Brussels, kura zilihesabiwa kwa kompyuta, na jumla zilipotoka wasimamizi wakakuta jambo lisilowezekana: mgombea mmoja alikuwa amepata kura nyingi kuliko kanuni za uchaguzi ule zilivyoweza kumpa. Wakahesabu upya. Wengine wote wakabaki na hesabu zao zilezile, lakini kura za yule mmoja zikapungua kwa 4,096 kamili. Programu ilichunguzwa, na haikuonekana kasoro ndani yake. Ushahidi ulikuwa kwenye namba yenyewe. 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani thamani ya biti ya 13 pale namba inapoandikwa kwa sifuri na moja tupu. Biti moja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa sifuri, ikageuka moja. Wengi wamehisi kwamba chembe ya mionzi kutoka anga za juu ndiyo iliyoigeuza, ingawa haikuthibitishwa.

Kompyuta ile haikuzimika. Haikulia, wala haikuleta ujumbe wowote wa hitilafu. Iliendelea kujumlisha kura, na kama kosa lile lisingevuka mipaka ya kinachowezekana, pengine lingepita bila mtu kulijua. Ndiyo maana nimeitengea RAM, yaani kumbukumbu hiyo, sura nzima. Diski ikifa, unajua. Skrini ikipasuka, unaiona. RAM mbovu inaweza kukaa ndani ya laptopu yako mwaka mzima ikionekana, ikihesabiwa, ikitajwa kwa ukubwa wake sahihi, na wakati huohuo ikiharibu faili zako moja baada ya nyingine.

Watu wengi wakiongeza RAM hutazama kitu kimoja tu: je, ile GB 4 imekuwa 8? Ikiwa 8, wanalipa na kuondoka. Lakini namba ile inajibu swali la kwanza tu, kwamba RAM imeingia na mashine imeiona. Swali la pili, kama inashika kinachowekwa ndani yake, halijibiwi na namba yoyote utakayoisoma kwenye skrini ya kawaida. Linajibiwa na jaribio, na jaribio linataka muda.

Tuanze na kilichomo ndani ya kile kipande cha kijani. RAM tunayoitumia leo inatokana na wazo la Robert Dennard, mhandisi wa IBM, ambaye mwaka 1966 alitambua kwamba biti moja inaweza kuhifadhiwa kwa transista moja na kapasita moja ndogo. Kapasita ikiwa na chaji ni moja, ikiwa tupu ni sifuri. Alipata hataza yake mwaka 1968, na mwaka 1970 Intel ikaingiza sokoni chipu ya 1103, yenye biti 1,024. RAM ya GB 8 iliyo kwenye laptopu ya kawaida leo ina biti bilioni 68 na ushei, kila moja ikiwa na kapasita yake.

Tatizo ni kwamba kapasita hizo ni mitungi inayovuja. Chaji haikai. Kwa hiyo RAM hulazimika kusomwa na kujazwa upya muda wote mashine inapowaka: katika vizazi vya RAM vya DDR3 na DDR4 kila seli hujazwa upya angalau mara moja katika kila milisekunde 64, na katika DDR5 muda huo umepunguzwa hadi milisekunde 32. Kati ya seli hizo bilioni 68, ikiwepo moja inayovuja haraka kuliko wenzake, hesabu yake itapotea kabla ya kujazwa. Kwa nje hutaona chochote. RAM itatambulika, ukubwa utasomeka, Windows itawaka.

Kuna pia makosa ya kupita, kama lile la Schaerbeek. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Timothy May na Murray Woods wa Intel waligundua kwamba chembe za alfa, zinazotokana na mabaki madogo ya madini ya mionzi kwenye kifuniko cha chipu yenyewe, ziliweza kugeuza biti bila kuharibu chochote. Makosa ya aina hiyo huja na kuondoka. Lakini usikimbilie kuilaumu anga. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kufuatilia kumbukumbu za maelfu ya seva za Google kwa miaka miwili na nusu. Katika mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilionyesha kosa, na karibu theluthi moja ya mashine zilikuwa na angalau kosa moja. Walikuta pia kwamba sehemu kubwa ya makosa ilitokana na ubovu wa RAM yenyewe, na kwamba RAM iliyokosea mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena. Joto, ambalo wengi hulitaja kwanza, halikuwa na uzito uliotarajiwa. Kwangu mimi matokeo hayo yanatosha kuwa sheria: RAM iliyokosea kwenye jaribio haipewi nafasi ya pili.

Sasa swali la kwanza, la kuingia. Hapa makosa mengi hufanyika kabla hata bisibisi haijashikwa, dukani, wakati wa kununua. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, wala DDR4 kwenye DDR5; pengo lililochongwa kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu liko mahali tofauti kwa kila kizazi, makusudi, ili usiweze kukosea. Ukiona RAM inagoma, usiisukume kwa nguvu. Itoe, uitazame, uilinganishe na ile iliyokuwemo.

Lakini zipo RAM zinazoingia vizuri kabisa na bado si zenyewe. Chukua laptopu za Intel ya kizazi cha 4, zile zilizojaa kwenye maduka ya mashine zilizokwishatumika kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue: ThinkPad T440, EliteBook 840 G1, Latitude E7440. Zote hutumia DDR3, lakini zinataka ile ya volti 1.35, inayoandikwa PC3L kwenye kibandiko. Ukiweka PC3 isiyo na ile L, ya volti 1.5, itakaa kwenye sloti kana kwamba ni yake, kisha mashine itakataa kuwaka. Herufi moja tu kwenye kibandiko. Basi jifunze kukisoma. Kibandiko kilichoandikwa PC3L-12800S kinakwambia kwamba hii ni DDR3 ya volti ndogo, inayopitisha MB 12,800 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi inayojulikana zaidi kama 1600, na ile S ya mwisho inaonyesha ni umbo fupi la laptopu. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwombe akuonyeshe maandishi.

Kwa wenye kompyuta za mezani, hatari kubwa zaidi ni RAM za seva. Seva zikistaafishwa, RAM zake huuzwa rahisi, na katika DDR3 na DDR4 zina meno yaleyale na pengo lilelile kama za mezani. Zinaingia. Lakini RAM za seva zilizo nyingi zimewekewa chipu ya ziada ya kupokea amri, herufi R kwenye kibandiko ndiyo inayoitambulisha, na mazabodi ya kawaida haijui kuongea nayo. Mashine itazunguka feni na skrini itabaki nyeusi. Watu wamerudisha mazabodi nzima kwa kudhani imeungua, kumbe ni R.

Kuingiza kwenyewe ni kazi fupi. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kama haitoki, zichomoe nyaya zake kwenye mazabodi au tumia kipengele cha BIOS cha kuizima betri pale kilipo. Gusa chuma kilicho wazi ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Shika RAM kwa kingo, si kwa meno yake. Ya laptopu huingia ikiwa imeinama, isukume mpaka meno yapotee karibu yote ndani ya sloti, ndipo uilaze chini hadi vishikizo vya pembeni vibane kwa sauti. Ya mezani husimama wima na hutaka nguvu kuliko wanaoanza wanavyotarajia. Isikilize mpaka kishikizo kijifunge chenyewe. RAM iliyoingia nusu ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya skrini nyeusi baada ya kuongeza kumbukumbu, na dawa yake ni kuitoa na kuirudisha upya.

Ukanda wetu wa pwani una chumvi hewani, bara kuna vumbi, na mashine nyingi hufunguliwa mara chache sana. Meno yakifubaa, mafundi huyasugua kwa raba ya penseli. Inafanya kazi, sikatai, lakini raba huacha unga ndani ya sloti na hukwangua tabaka la dhahabu ambalo ni jembamba mno. Kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti safi ya isopropili hufanya kazi hiyohiyo bila madhara. Raba iwe ya mwisho.

Ukiwasha na mashine ikalia badala ya kuonyesha picha, ihesabu milio. Kila mtengenezaji ana lugha yake. Kwenye mazabodi zenye BIOS ya AMI, milio 3 kwa kawaida huelekeza kwenye RAM. Kwenye Dell nyingi milio 2 ina maana kwamba haioni RAM yoyote. Laptopu nyingi mpya zaidi hazilii, humulika taa kwa mpangilio maalumu. Andika mpangilio huo kabla hujazima, kisha uutafute kwenye kitabu cha mashine yako. Ni habari ya bure ambayo wengi huizima kwa kubonyeza kitufe cha umeme kwa hofu.

Ikiwaka, nenda ukahesabu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, kisha Memory. Hapo utaona ukubwa, kasi, idadi ya sloti zilizotumika na kiasi kilichotengwa kwa ajili ya vifaa vya mashine. Hicho cha mwisho huwatia watu wasiwasi bure. Laptopu isiyo na kadi ya picha ya peke yake hukopa kumbukumbu kutoka kwenye RAM, kwa hiyo GB 8 kusomeka 7.8 ni jambo la kawaida, na kwenye mashine za AMD kiasi kinachokopwa kinaweza kufika GB 2. Hujaibiwa. Lakini kama umeweka 8 na inayotumika ni 3 na kidogo, tazama aina ya Windows: ile ya biti 32 haiwezi kuvuka GB 4 hata ukijaza sloti zote. Na kama Windows ni ya biti 64 na bado RAM imekatwa, fungua msconfig, ukurasa wa Boot, halafu Advanced options. Kuna kisanduku cha kiwango cha juu cha kumbukumbu ambacho mtu fulani aliwahi kukiwekea alama akidhani anaongeza kasi. Kiondoe alama, washa upya.

Kwenye Linux, amri ya free -h itakupa jumla, na sudo dmidecode -t memory itakueleza sloti moja baada ya nyingine: kilichomo, mtengenezaji, kasi iliyoandikwa na kasi inayotumika. Mimi huipenda hii ya pili kuliko chombo chochote cha Windows kwa sababu haifichi kitu.

Kasi nayo ina maelezo. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 ikisomeka 2133 kwenye kompyuta ya mezani, kwa kawaida haijaharibika. Wasifu wake wa kasi, unaoitwa XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD za DDR5, haujawashwa kwenye BIOS. Kwenye laptopu ni prosesa inayoamua: ya Intel ya kizazi cha 6 haivuki 2133 kwa DDR4, hata uinunulie RAM ya bei gani. Ukichanganya RAM mbili za kasi tofauti, zote hukimbia kwa kasi ya ile ya polepole. Programu ya CPU-Z nayo itakuonyesha 800 pale ulipotarajia 1600, na yote mawili ni sahihi, maana DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa yake. Na kama una sloti 4 na RAM 2, usizibandike pamoja. Kwenye mazabodi nyingi mahali pake ni sloti ya 2 na ya 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ili njia zote mbili za kumbukumbu zitumike. Kwa anayehariri video bila kadi ya picha, mabadiliko hayo huonekana kwa macho.

Hadi hapo bado tumejibu swali la kwanza tu.

Mazungumzo ambayo yamewagharimu Waswahili wengi huenda hivi. Mama mwenye biashara ya kuchapa kadi za harusi anafika kwa fundi na laptopu inayojizima. Fundi, kijana mwenye adabu, anaiwasha na kutazama skrini ya bluu ikitokea. “Shikamoo, mama. Hii Windows imechoka, tuipige upya.” “Marahaba, mwanangu. Piga, ila picha za wateja wangu zisipotee.” Windows inapigwa. Wiki mbili baadaye mama amerudi, skrini ya bluu ni ileile ila maneno yake ni mengine, na safari hii baadhi ya picha hazifunguki. Windows inapigwa tena. Baada ya hapo virusi vinalaumiwa, halafu diski inabadilishwa, na kwa kuwa data za zamani zilinakiliwa kupitia RAM ileile mbovu, sehemu yake imeharibika njiani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini hakuna aliyeijaribu RAM, kwa sababu ilisomeka GB 8 kama ilivyotakiwa.

Kuna dalili ambazo zingemwelekeza fundi yule mapema, na ya kwanza ni kuhama kwa kosa. Diski mbovu mara nyingi hukosea palepale: faili ileile haifunguki, usakinishaji unakwama kwenye asilimia ileile. Programu mbovu huanguka ukifanya kitendo kilekile. RAM mbovu huhamahama, kwa sababu kila unapowasha, mfumo hupanga vitu mahali pengine, na leo seli mbovu inaangukia kivinjari, kesho inaangukia picha, keshokutwa inaangukia moyo wa Windows wenyewe. Leo skrini ya bluu inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, siku ya tatu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mafaili ya zip yanasema yameharibika, ukijaribu tena yanafunguka. Kurasa za kivinjari zinakufa moja moja bila sababu. Dalili hizi peke yake hazitoi hukumu, kwa kuwa usambazaji mbovu wa umeme na prosesa inayochemka zinaweza kuleta sura hiyohiyo, lakini zinatosha kusimamisha bisibisi na kuanza jaribio.

Jaribio dogo unaloweza kulifanya sasa hivi, bila kupakua chochote, ni kuikokotolea faili kubwa alama yake ya utambulisho mara kadhaa. Chukua filamu ya GB 3 au 4, fungua kisanduku cha amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfuatano mrefu wa herufi na namba. Rudia. Faili ambayo haijaguswa lazima itoe mfuatano uleule kila mara, hadi herufi ya mwisho. Ukitofautiana hata mara moja, mashine yako haiaminiki, na chochote cha maana kilichomo kinapaswa kunakiliwa kwa kutumia kompyuta nyingine. Ukifanana, hujathibitisha kwamba RAM ni nzima. Umeikosa tu seli mbovu, au haipo.

Jaribio kamili hufanyika nje ya Windows, kwa sababu Windows ikiwa inafanya kazi imekalia sehemu ya RAM na haiwezi kuiachia ipimwe. Njia ya karibu ni ile iliyomo ndani ya Windows tangu siku za Vista: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, kubali kuwasha upya. Skrini ya bluu iliyotulia itatokea na kuanza kupima; bonyeza F1 uchague kiwango cha Extended, kwa maana kile cha kawaida ni chepesi mno. Majibu huletwa ukisharudi ndani, mara nyingi kwa ujumbe unaopita haraka kwenye kona. Ukiukosa, upo kwenye Event Viewer, chini ya System, kwa jina la MemoryDiagnostics-Results. Chombo hiki kikisema kuna kosa, kiamini. Kikisema hakuna, endelea na kikubwa zaidi.

Kikubwa zaidi ni Memtest. Chris Brady aliandika Memtest86 mwaka 1994, na tangu 2004 kuna tawi lake la wazi na la bure, Memtest86+, linaloendelezwa na Samuel Demeulemeester. Toleo lake la 6, la mwaka 2022, lilileta uwezo wa kufanya kazi kwenye mashine mpya za UEFI. Unaipakua kutoka kwenye tovuti yake yenyewe, unaiandika kwenye flashi ukitumia programu kama Rufus, ukijua kwamba kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutwa, kisha unawasha mashine kwa kutumia flashi. Kwenye Dell na Lenovo kitufe cha kuchagua ni F12, kwenye HP ni F9. Baadhi ya mashine zitakataa mpaka Secure Boot izimwe kwenye BIOS, irudishe ukimaliza.

Inachofanya ni kuandika na kusoma, kwa ukali. Inajaza RAM yote sifuri na kuisoma, inaijaza moja, inapitisha moja peke yake kati ya sifuri, inaandika kwenda mbele na kufuta kurudi nyuma. Ukali huo una sababu. Seli inaweza kushika vizuri ikiwa peke yake na kusalimu amri pale majirani wake wanapobadilika, na hakuna mfumo mmoja wa kuandika unaoweza kuwafichua wabovu wote. Kwa hiyo muda ni sehemu ya kipimo. Kwa RAM ya GB 8 mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mzunguko mmoja hautoshi. Iache usiku kucha, ukiwa umeunganisha chaja. Kompyuta ya mezani isiyo na kihifadhi umeme itaanza upya kila umeme ukikatika, basi chagua usiku ambao umeme wa mtaani kwako umetulia.

Asubuhi utazame safu ya makosa. Sifuri ndiyo alama pekee ya kufaulu. Nimesikia wauzaji wakisema kosa moja au mawili kati ya bilioni si kitu, na ninapinga kwa nguvu zote. Kosa moja Schaerbeek lilikuwa kura 4,096.

Ukikuta makosa, kuna kazi moja kabla ya kuitupa RAM: hakikisha ni yenyewe. Kama uliwasha XMP, izime, upime tena kwa kasi ya kawaida, maana RAM nzima inayosukumwa kupita uwezo wa mazabodi hukosea pia. Kisha acha RAM moja tu kwenye sloti ya kwanza, upime. Iweke ileile kwenye sloti ya pili, upime. Makosa yakiifuata RAM kila iendako, RAM ndiyo mbovu. Yakibaki kwenye sloti hata ukiweka RAM nyingine, sloti ina uchafu, au imevunjika, au tatizo liko ndani zaidi kwenye mazabodi. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato, lakini ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji, na mteja ana haki ya kuidai.

Kwenye laptopu nyembamba huenda usiwe na cha kuhamisha. MacBook Air zote tangu ya kwanza ya mwaka 2008, na ThinkPad X1 Carbon, RAM yake imeunganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye mazabodi. Ikiharibika, ni kazi ya mwenye mashine ya hewa ya moto na mkono uliotulia, au ni mazabodi mpya. Ndiyo maana laptopu ya namna hiyo iliyokwishatumika hainunuliwi kwa kuitazama tu. Ijaribu kabla hujatoa pesa, hata kama itabidi ukae dukani mchana kutwa.

Swali ambalo msomaji anaweza kuwa nalo ni kwa nini kompyuta zetu zisijikosoe zenyewe. Zinaweza. Richard Hamming wa Bell Labs alichapisha mwaka 1950 namna ya kuongeza biti chache za ulinzi ili kosa la biti moja ligunduliwe na kusahihishwa hapohapo, na RAM za seva zenye ulinzi huo, unaoitwa ECC, hufanya hivyo kila sekunde. Mashine za kawaida zimenyimwa ulinzi huo, kwa sehemu kubwa kwa uamuzi wa kibiashara. Januari 2021 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliilaumu Intel waziwazi kwa kuifanya ECC kuwa bidhaa ya seva, na nadhani alikuwa na haki. DDR5 imeleta usahihishaji ndani ya chipu yenyewe, lakini haulindi data ikiwa safarini kati ya RAM na prosesa. Chama cha kuweka na kukopa, zahanati au shule inayotunza matokeo ya wanafunzi kwenye kompyuta moja inayowaka mchana na usiku inapaswa kununua mashine yenye ECC. Seva ndogo iliyokwishatumika kwa kawaida ina ECC, na kwa kazi hiyo inafaa kuliko kompyuta mpya ya mezani isiyonayo.

Kwa wewe uliye na laptopu yako moja, nenda dukani ukiwa na flashi yenye Memtest86+ mfukoni. Mwambie muuzaji unanunua, lakini RAM itapimwa kwanza, na mkubaliane kwa maandishi siku za kuirudisha, ili usiku wa kwanza nyumbani uupitishe kwenye jaribio kamili. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa. Ikitokea kosa hata moja, irudishe siku hiyohiyo, na usikubali kubadilishiwa Windows.